Mchangiaji figo na hofu ya nusu kaputi

Tangu kampeni ya uchangiaji figo ianze, tunaulizwa jambo lilelile: "Nichomeni sindano ya ganzi ya mgongo tu, nusu kaputi isije ikaharibu figo kabla ndugu yangu hajaipata." Hofu tunaielewa. Msingi wake haupo.

Figo siku hizi hutolewa zaidi kwa matundu madogo. Mchangiaji hulazwa ubavu, tumbo likajazwa kaboni dioksidi, mara nyingi kwa shinikizo la milimita 12 za zebaki. Gesi husukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, pumzi ikawa nzito, na misuli isipolegea daktari wa upasuaji hana nafasi ya kufanyia kazi. Kwa hiyo mashine humpumulia mchangiaji akiwa usingizini kabisa. Ganzi huongezwa kwenye ukuta wa tumbo kutuliza maumivu ya baadaye; haichukui nafasi ya usingizi.

Usingizi hudumishwa kwa propofoli ya mshipani au gesi ya sevoflureni. Uvumi kwamba sevoflureni inaua figo ulianzia kwa panya, na panya si binadamu. Jaribio la VAPOR-1 la Groningen, Uholanzi, lililinganisha dawa hizi kwa wachangiaji hai: alama za jeraha la figo kwenye mkojo wa wapokeaji zilitofautiana siku za mwanzo, lakini baada ya mwaka figo zilifanya kazi sawa. Uchaguzi ni wa daktari wa usingizi, kulingana na moyo, mapafu na historia ya kutapika baada ya upasuaji.

Kinachotishia figo ni presha ya damu kushuka na gesi iliyojazwa tumboni kubana mishipa yake. Mkojo hupungua tumbo likijazwa, hivyo mchangiaji huongezewa maji mshipani mapema na presha hulindwa dakika kwa dakika hadi daktari abane mshipa wa figo ili aitoe.

Sasa wajibu wa mchangiaji. Chakula kikome saa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi, maji matupu saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, tafadhali. Akila, upasuaji huahirishwa, hata kama mpokeaji ameshaanza dawa za kushusha kinga. Fomu ya ridhaa ya usingizi hujazwa peke yake, mbali na ile ya upasuaji. Isiposainiwa, mchangiaji haingii chumba cha upasuaji. Ataje kila dawa, za mitishamba zikiwemo. Wengi huficha diklofenaki na ibuprofeni kwa kuwa "ni za maumivu tu", ilhali hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, asinunue dawa hizo dukani: atumie parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa, na maumivu yakizidi arudi kliniki.