Je, wajua kwa nini mchanga wa Ziwa Victoria hautoshi kupima uimara wa chuma?

Mchanga wa fukwe za Mwanza umetokana kwa sehemu kubwa na graniti, mwamba uleule wa Jiwe la Bismarck. Una kwatzi, madini yanayoweza kukwangua hata chuma kigumu. Mbona basi maabara inayopima ulikaji wa vyuma, yaani jinsi vinavyochakaa kwa kusuguliwa, isichote ndoo moja ziwani?

Kwanza, graniti ina pia feldispa, laini kidogo kuliko kwatzi, na mika iliyo laini zaidi. Ndoo ya leo na ya mwezi ujao zaweza kutofautiana, na majibu yake hayalinganishiki. Kipimo sanifu kinachojulikana kama ASTM G65 humimina mchanga mkavu kati ya kipande cha chuma na gurudumu lililovikwa mpira. Mchanga wake umetajwa hadi unakochimbwa: kwatzi ya punje za mviringo kutoka Ottawa, Illinois, Marekani, nyingi zikiwa za mikromita 212 hadi 300. Ukishapita mara moja hautumiki tena, maana punje zilizovunjika hukata tofauti.

Lakini jambo zito ni ugumu. Punje yenye ugumu wa takriban mara 1.2 ya ule wa chuma, au zaidi, hukichimba vizuri. Ikipungua hapo, ulikaji hushuka sana. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, kwatzi ina 1100 hivi, na silikoni kabaidi, punje ngumu za kiwandani zinazotiwa kwenye msasa, hupita 2000. Sasa chukua chuma cha kusubu chenye kromiamu nyingi, ambacho kabaidi zake, yaani chembe ngumu za kaboni na metali zilizomo ndani yake, huzidi 1200. Kwatzi haiwezi kuzichimba vizuri. Silikoni kabaidi huzikata. Ukikipima kwa msasa wa silikoni kabaidi, chuma hicho cha bei kitaonekana hakina faida kubwa, na mwenye karasha kule Geita ataachana nacho bure. Yeye husaga mawe ya dhahabu, ambayo mengi yana kwatzi, wala hasagi silikoni kabaidi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, vipimo viwili vinahitajika: mchanga wa Ottawa ili kulinganisha na maabara nyingine, kisha mawe ya mgodi wenyewe, yaliyopondwa, kukaushwa na kuchekechwa kwa ukubwa mmoja. Jiwe lililopondwa karibuni lina kingo kali, hivyo hula chuma haraka kuliko punje za mviringo. Uzito uliopotea ugawanywe kwa densiti ya kila chuma, ili chuma kizito kisionekane kimelika zaidi kwa sababu ya uzito wake tu.