Upungufu wa vitamini K si upungufu wa damu

Kwenye foleni za kliniki Kisumu na vitongoji vyake, sindano ya vitamini K anayodungwa mtoto pajani baada ya kuzaliwa huitwa "ya kuongeza damu". Haiongezi hata tone. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini K ana damu yake kamili, ila ini lake halina kitu cha kukamilishia protini nne za kugandisha damu, zile za nambari 2, 7, 9 na 10. Protini hizo zinatengenezwa lakini hazishiki kazi. Kipimo cha HB, kile cha wingi wa damu, kinaweza kutoka kizuri kabisa, na bado damu ikianza kutoka isikome. Herufi K yenyewe inatokana na "Koagulation", yaani kuganda, jina alilotumia Henrik Dam wa Denmark miaka ya 1930 baada ya kuona vifaranga wakivuja damu.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Kanda ya ziwa ina malaria nyingi, malaria huharibu chembe nyekundu, na karibu kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki. Basi tukisikia upungufu na damu katika sentensi moja, tunafikiri HB. Lakini vidonge hivyo havina vitamini K, na mama mwenye HB ya 13 huzaa mtoto mwenye akiba ndogo ya vitamini K sawa na wengine. Hata mtoto wa kilo 4 anayenyonya kwa nguvu huzaliwa hivyo.

Kinachofuata ni ushauri wa mboga: mama ale osuga (managu), apoth (mrenda) na sukuma wiki kwa wingi. Ale, zina vitamini K nyingi na zitamfaa yeye. Mtoto hazimfikii vya kutosha. Kondo la nyuma hupitisha kidogo sana, bakteria wa utumbo wanaosaidia kuitengeneza bado hawajakaa, na lita nzima ya maziwa ya mama huwa na takriban mikrogramu 1 hadi 4 tu. Sindano ina miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000, na hubaki kwenye msuli ikitoka polepole kwa wiki kadhaa. Hiyo si sababu ya kuyaogopa maziwa ya mama. Mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine hadi miezi 6. Sindano huziba pengo hili moja.

Kipimo ni miligramu 1 kwa mtoto wa kilo 1.5 na zaidi, nusu miligramu kwa aliye chini ya hapo, kwenye msuli wa paja upande wa nje, baada ya saa ya kwanza ya kulazwa kifuani pa mama. Dawa ya mdomo ya mara moja haikingi vizuri dhidi ya kuvuja kunakochelewa.

Na huko kuchelewa ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Kuvuja kwa saa 24 za kwanza huwapata hasa watoto ambao mama zao walitumia dawa za kifafa kama fenitoini, au za kifua kikuu kama rifampisini. Mwambie sista mapema. Kwa siku ya 2 hadi ya 7, damu hutoka kitovuni, puani, au kwenye choo. (Choo cha kwanza huwa cheusi kwa kila mtoto. Cha kutisha ni kile kinachorudi kuwa cheusi kama lami baada ya kugeuka manjano.) Kisha kuna wiki ya 2 hadi miezi 6, ambapo mara nyingi damu huvujia ubongoni bila kuonekana nje: mtoto anapauka, anatapika, anakataa titi, utosi unavimba, anapata degedege. Hapo wengi hukimbilia kusema aongezwe damu. Damu hiyo hurudisha iliyopotea, lakini mtoto ataendelea kuvuja hadi apewe vitamini K, na plazima (majimaji ya damu yenye protini za kugandisha) ikiwa hali ni mbaya. Mtoto ambaye bado ana manjano machoni baada ya wiki 2, choo kikiwa cheupe, apelekwe haraka zaidi, maana vitamini K haifyonzwi bila nyongo.

Jina jingine linalopotosha ni "chanjo". Aliyezalia nyumbani akampeleka mtoto kliniki baadaye, akadungwa BCG mkono wa kushoto, hujibu kwamba tayari amedungwa. BCG ni kinga ya kifua kikuu. Ukiulizwa, taja paja au mkono, na kama huna hakika fungua kijitabu cha mama na mtoto pamoja na sista. Tuiite tu sindano ya kuzuia mtoto asivuje damu. Ni ndefu kidogo, lakini mama akiisikia hivyo hatasema mtoto wake haihitaji kwa kuwa ana damu ya kutosha.