Macho ya sungura yakitoka, mchunguze kifua

"Macho yametoka, basi ni ugonjwa wa macho." Hakuna dhana inayopoteza muda kuliko hii. Jipu la nyuma ya jicho, ambalo kwa sungura mara nyingi huanzia kwenye mizizi ya meno, kwa kawaida husukuma jicho moja. Yakitoka yote mawili, shaka ihamie kifuani. Uvimbe wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), yaani thaimoma, huota mbele ya moyo na kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Damu ikikwama huko juu, macho husukumwa nje. Mtazame anapoinama kula majani: macho huzidi kujitokeza na kope la tatu, utando wa kona ya ndani ya jicho, huchungulia pembeni, akiinua kichwa, hurudi kidogo. Mrekodi kwa simu wakati huo huo, maana mezani kwa daktari huenda asiinamishe kichwa kabisa.

"Sungura aliyekomaa hana thaimasi." Anayo. Ya binadamu hunywea kadiri umri unavyosonga, ya sungura hubaki hadi uzeeni.

"Eksirei ikionyesha uvimbe, jibu limepatikana." Bado. Eksirei huonyesha kivuli, moyo uliosukumwa nyuma na koo la hewa lililoinuliwa. Limfoma, saratani ya seli za limfu, hukaa palepale, jipu pia, na sungura mnene anaweza kuwa na mafuta tu. Ndipo daktari huongoza sindano nyembamba kwa altrasaundi na kuvuta seli. Hata hapo kuna mtego: thaimoma nyingi zimejaa limfositi ndogo (seli nyeupe za damu), kama limfoma, hivyo sampuli isiyo na seli za epithelia, zile za tezi yenyewe, inaweza kumwacha mtaalamu njia panda. Kurudia sindano, au kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe, si uzembe wa daktari. Sitiskani, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, husaidia kupanga upasuaji au mionzi.

"Hakohoi, kwa hiyo kifua kizima." Sungura hupumua kwa pua, na hali ikiwa mbaya hunyamaza tu. Akitulia, pumzi 30 hadi 60 kwa dakika ni kawaida. Akipumua mdomo wazi, hiyo ni dharura: apewe oksijeni kwanza, picha zingoje. Kumlaza chali kwa nguvu kunaweza kumuua.

"Magamba ya ngozi ni utitiri." Mara nyingi ndiyo, kweli. Ila kama ngozi imekwanguliwa na kupimwa bila kuonekana mdudu, dawa haijasaidia, na manyoya yanazidi kunyonyoka bila kujikuna, omba eksirei ya kifua, maana thaimoma nayo huweza kuharibu ngozi hivyo.