Vidakuzi si virusi, na kufunga dirisha si kutoka

Msimu wa maombi ya mikopo ya chuo, kompyuta za steshenari pale Mwanga, Kigoma, hazipoi. Mmoja anaskani cheti, mwingine anasubiri kiti, wa tatu anauliza kama printa ina wino. Chini ya ukurasa kinatokea kibao: tovuti hii inatumia vidakuzi. Mtu anabofya "Kubali" ili kazi iendelee. Kuhusu hicho alichokubali, mtaani kuna maneno mengi, na mengi yamekaa vibaya.

"Kuki ni virusi."

Hapana. Kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoita, ni maandishi mafupi yasiyozidi takriban baiti 4,096. Tovuti hukipa kivinjari chako, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kiyatunze, nacho huyarudisha kila unapofungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyo. Hakijiendeshi, hakifungui picha zako, hakirukii flashi. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, Marekani, alikibuni mwaka 1994 kwa sababu seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, haina kumbukumbu: ukiomba ukurasa wa pili, haijui kwamba ni wewe uliyefungua wa kwanza. Kidakuzi ni kama kile kinamba unachopewa ukiacha mzigo stendi. Ndani yake hamna mzigo, ila anayekishika ndiye anayekabidhiwa.

"Nywila yangu haimo humo, kwa hiyo niko salama."

Nusu ya kwanza ni kweli. Kwa kawaida kinachokaa humo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoiambia seva kwamba huyu ameshaingia. Ubaya ni kwamba anayeuiba huo mfuatano mara nyingi haulizwi nywila wala namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Ndiyo maana programu zilizochakachuliwa, zile zinazopita mkono kwa mkono kwenye flashi, ni hatari: baadhi yake hubeba kirusi kinachokomba vidakuzi vyote vya kivinjari na kuvituma kwa mwizi. Kirusi ni hiyo programu, kidakuzi ndicho kilichoibwa. Likikupata, kubadilisha nywila peke yake huenda kusitoshe; tafuta pia sehemu ya kuondoka kwenye vifaa vyote.

"Nikifunga dirisha, nimetoka."

Hii ndiyo inayowaumiza watu wengi kwenye kompyuta za pamoja. Vidakuzi vya kikao, yaani vya muda unaotumia tovuti tu, hufutika kivinjari kikifungwa kabisa, na kufunga kichupo (tab) kimoja si kukifunga kivinjari. Tena, kama Chrome imewekwa iendelee pale ilipoachwa, inavirudisha hata hivyo ikifunguliwa upya. Vidakuzi vya kudumu vina tarehe yake ya kwisha. Tangu 2022 Chrome imeweka kikomo cha siku 400. Hizo ni zaidi ya mwaka mzima, kwenye mashine ambayo huenda hutaikalia tena.

Njia rahisi ni kuanza vizuri: bonyeza Ctrl, Shift na N upate dirisha fiche la Chrome (kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P), fanya kazi yako humo, kisha funga madirisha fiche yote, hata lile lililojificha nyuma ya Word. Kama ulishaanzia dirisha la kawaida, bofya kwanza "Ondoka" kwenye tovuti yenyewe, kwa sababu hapo ndipo seva inapoambiwa kwamba kikao kimekwisha. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Delete, chagua muda mrefu kuliko yote, weka tiki kwenye vidakuzi na data ya tovuti, futa. Utawafuta na wenzako waliosahau kutoka, lakini hapo umewasaidia. Mwisho tazama kile kiduara cha picha juu kulia: kama uliiingiza Gmail yako kwenye Chrome yenyewe, kufuta vidakuzi hakukutoi. Itoe hapo hapo. Na ile PDF ya fomu bado iko kwenye folda ya vipakuliwa, jina lako na namba ya NIDA vikisomeka.

Umeshafika Kasulu ndipo unakumbuka? Shika simu, ingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya Usalama, kisha vifaa vyako. Chagua ile kompyuta, ondoka.

"Dirisha fiche linanificha kabisa."

Linaficha historia kwa atakayekalia kiti baada yako. Mtandao wako wa simu bado unaona umetembelea tovuti gani, na ukishaingia kwa jina lako, tovuti inakujua vilevile.

"Nikikataa, tovuti haitafunguka."

Vidakuzi vya lazima, vile vya kukuweka ndani ya akaunti, vinabaki. Unachokataa ni vya matangazo na vya kuhesabu wageni. Kama "Kataa" haionekani, bofya sehemu ya kudhibiti chaguo. Imefichwa huko, na mara nyingi kwa makusudi. Mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa, CNIL, mwishoni mwa 2021 iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko.

Ukitafuta bei ya taa za sola za kuvulia dagaa leo, kesho taa hizo hizo zinakufuata kwenye tovuti ya habari za mpira. Mara nyingi hiyo ni kazi ya vidakuzi vya kampuni ya matangazo iliyopo kwenye tovuti zote mbili. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kinavizuia tangu 2020. Chrome iliahidi mwaka huo huo kuviondoa, kisha 2024 ikarudi nyuma, kwa hiyo vizuie mwenyewe: Mipangilio, Faragha na usalama, vidakuzi vya washirika wengine.

"Kufuta kuki kunaokoa bando."

Kinyume chake. Vidakuzi ni vidogo mno kukujazia simu, na pale unapovifutia, pembeni yake kuna kisanduku cha picha na faili zilizohifadhiwa. Ukikiwekea tiki hicho, picha zote zitapakuliwa upya kwa bando lako. Kiache bila tiki.

Fomu ikigoma kwa ujumbe kwamba ombi (request) ni kubwa mno, huenda vidakuzi vya tovuti hiyo vimerundikana; usifute kila kitu. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, fungua vidakuzi na data ya tovuti, futa vya tovuti hiyo tu, kisha ingia upya.