Je, wajua kwa nini Hardwick Hall ina vioo vingi kuliko ukuta?

Kwa kawaida nyumba kongwe ya mawe huwa na kuta nene na madirisha madogo. Kila dirisha ni tundu katika ukuta unaobeba sakafu na paa, kwa hiyo fundi huyatoboa kwa uchoyo. Lakini ukisimama mbele ya Hardwick Hall, kule Derbyshire, Uingereza, utaona vioo vitupu tangu chini hadi juu. Ilijengwa kati ya 1590 na 1597, kwa mawe yaliyochimbwa hapo hapo jirani. Mbona haijaanguka?

Jibu liko ndani. Ramani yake inaaminika kuwa ya Robert Smythson, aliyeanza kazi akiwa mwashi wa mawe. Katikati ya jumba umepita ukuta mnene unaoligawa kwa urefu wake, na dohani nyingi za kutolea moshi zimepitishwa katika kuta za ndani, si za nje. Ukuta wa nje ukabaki na nafasi ya madirisha, yaliyogawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe na vipande vidogo vya kioo vilivyoshikizwa kwa madini ya risasi. Mengine, kusema kweli, ni geresha: nje kioo, nyuma yake ukuta. Yamewekwa ili pande zote zilingane.

Madirisha yanazidi kuwa marefu kadiri unavyopanda, kwa sababu vyumba vya heshima viko ghorofa ya juu kabisa. Wageni wakubwa walipandishwa ngazi za mawe hadi huko.

Na kwa nini vioo vyote hivyo? Kujionyesha tu. Kioo kilikuwa ghali mno, na mwenye nyumba, Bess wa Hardwick, mjane aliyeolewa mara nne, alikuwa na fedha na karakana yake mwenyewe ya vioo. Juu ya minara sita alichongesha herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, jina lake mwenyewe, zisomeke toka mbali.

Gharama ya vioo vyote hivyo ilikuwa baridi. Ndiyo maana kuta zilivikwa vitambaa vizito vilivyofumwa kwa picha. Mwaka 1592 Bess alinunua 13 vyenye kisa cha Gideoni wa Biblia, vikatundikwa katika ukumbi mrefu wa takriban mita 50. Mwanga hufifisha rangi za nyuzi, hivyo watunzaji wa leo huteremsha mapazia mbele ya madirisha yale yale.