Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuandika maisha ya mwanamuziki bila kumwomba ruhusa?

Jibu lenyewe ni fupi: matukio ya maisha ya mtu hayana mwenyewe. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Hayo anaweza kuyaandika yeyote, iwe familia imeridhia au haijaridhia. Hakimiliki hulinda kile mtu alichokitunga au kukipiga picha. Jambo lililotokea halimo humo.

Ndiyo maana ukifungua kitabu kinene cha maisha ya mwanamuziki wa roki ambacho hakina idhini yake, utashangaa kuona maneno ya nyimbo zake hayapo, au yapo mstari mmoja mmoja tu. Mashairi yana mwenyewe, na mwenyewe akikasirika anakataa yasichapishwe. Barua nazo ni hivyohivyo. Karatasi ni ya aliyeipokea, lakini maneno yaliyoandikwa juu yake yanabaki kuwa ya aliyeyaandika. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilizuia kitabu cha maisha ya mwandishi J. D. Salinger kwa sababu kilitumia mno barua zake ambazo hazijawahi kuchapishwa. Mtunzi, Ian Hamilton, ilibidi akiandike upya. Maisha ya Salinger aliruhusiwa kuyasimulia. Kilichokatazwa ni kuyabeba maneno yake.

Kizuizi cha pili ni kashfa, yaani kumsingizia mtu jambo linalomharibia jina. Hapa ndipo penye siri ya tarehe za vitabu hivi. Mwimbaji wa roki Elvis Presley alifariki Agosti 1977, na kitabu cha Albert Goldman kilichomchambua bila huruma kikatoka 1981. John Lennon wa kundi la Beatles aliuawa Desemba 1980, na kitabu kingine cha Goldman, kikali zaidi, kikatoka 1988. Kwa sheria za Marekani na Uingereza, marehemu hawezi kukashifiwa, wala ndugu zake hawawezi kushtaki kwa niaba ya jina lake. Mwandishi akisubiri mazishi, anakuwa amevuka kikwazo kikubwa kuliko vyote. Yoko Ono, mjane wa Lennon, alitafakari kwenda mahakamani, mwishowe hakwenda. Paul McCartney, mwenzake wa Lennon katika Beatles, aliwasihi watu wasikinunue. Walibaki na njia hiyo moja: kuwaomba wasomaji.

Na wasomaji hawakubaliani kamwe. Hapa Arusha vitabu vya aina hii huletwa na utalii zaidi ya maduka. Mgeni anamaliza kitabu porini, begi limejaa, anakiacha lodge. Mwongoza watalii anakichukua, kinashuka mjini, kinazunguka Sakina, Ngarenaro mpaka Njiro. Mkononi mwangu ilifika nakala ya kitabu cha Stephen Davis kuhusu kundi la roki la Led Zeppelin, kilichotoka 1985 bila baraka za kundi. Mgongo umeshikwa na selotepu, kurasa zimelegea kwa vumbi, na pembeni watu wamejibizana kwa kalamu. Kwenye ukurasa unaosimulia fujo za hotelini, mmoja ameandika kwa wino wa bluu, "Nani alikuwepo?" Chini yake penseli inajibu, "Meneja wa ziara alikuwepo." Halafu wino mwekundu, kwa mwandiko wa haraka: "Huyo si ndiye aliyeondolewa kazini?"

Sijui mabishano bora kuliko hayo, maana yamegusa mzizi wenyewe. Sehemu kubwa ya habari nzito za kitabu kile ilitoka kwa Richard Cole, aliyekuwa meneja wa ziara wa Led Zeppelin. Kweli alikuwepo. Na kweli aliondolewa kwenye msafara kabla ya ziara ya 1980. Shahidi aliyekuwepo chumbani lakini akaondoka na kinyongo si mwongo kwa sababu hiyo, ila msomaji ana haki ya kujua kuwa kinyongo kinaweza kuwepo. Tena mpiga ngoma John Bonham, ambaye baadhi ya simulizi mbaya zaidi zinamhusu yeye, alifariki Septemba 1980. Kitabu kilipotoka hakuwa na mdomo wa kujibu. Kwa maoni yangu msomaji wa wino mwekundu alikuwa mkali kidogo, lakini yule wa bluu aliuliza swali ambalo kila mnunuzi angeuliza kabla ya kutoa hela.

Wanaovichukia vitabu hivi wana hoja nzito, na mara nyingi hawaipangi vizuri. Husema tu, "Mtu akishafariki hasemwi," kama tunavyosema msibani. Hoja yenyewe ni kubwa kuliko heshima kwa marehemu. Freddie Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Katika uhai wake hakuwa mtu wa kueleza mambo ya nyumbani. Baada ya hapo vikaja vitabu, kimoja baada ya kingine, na mama yake, Jer Bulsara, aliishi mpaka 2016. Miaka 25 mama anakaa na kurasa zinazoeleza chumba cha kulala cha mwanawe. Sheria inaposema marehemu hana jina la kuharibiwa, haimhesabu mama. Hapo nawaelewa kabisa wanaofunga kitabu katikati na kukataa kuendelea.

Ila hitimisho ambalo wengi wao hulifikia, kwamba kitabu chenye idhini ndicho chenye ukweli, silikubali. Tazama habari ya Kurt Cobain, mwimbaji wa kundi la roki la Nirvana. Mwaka 1993 Michael Azerrad alitoa kitabu kuhusu kundi hilo kwa ushirikiano wao kamili, Cobain mwenyewe akikaa naye na kusimulia. Miongoni mwa simulizi hizo ni kwamba ujanani, alipokosa makazi, aliwahi kulala chini ya daraja la mto Wishkah kwao Aberdeen, jimbo la Washington. Mashabiki waliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Aliyeitilia shaka ni Krist Novoselic, mpiga besi na rafiki wa karibu, aliyesema Cobain alikuwa akishinda pale tu, kwamba kwenye matope yale, maji yakijaa na kupwa, mtu haishi. Charles Cross, aliyeandika kitabu kingine 2001, alifikia jibu hilohilo. Azerrad mwenyewe alikirudia kitabu chake na kukitoa upya 2023 kikiwa na maelezo mengi ya ziada, akihoji baadhi ya aliyoambiwa. Idhini ilimfungulia mlango, na aliyeufungua alikuwa na hadithi yake mwenyewe ya kuuza.

Kwa hiyo idhini inakueleza mwandishi alipitia mlango upi. Akipitia wa mbele, ataonyeshwa sebule na albamu ya picha. Akipitia wa nyuma, atakutana na dereva, mke wa zamani na aliyefukuzwa kazi. Kupima ukweli ni kazi nyingine, na inafanyika kwa kutazama kama anataja nani alisema nini, kama jambo zito lina shahidi zaidi ya mmoja, kama kuna mahali anasema wazi kuwa watu wawili walimpa habari zinazopingana. Kitabu kinachosimulia mawazo ya mtu akiwa peke yake usiku, bila kusema yamejulikanaje, nakiweka chini.

Kwetu Tanzania mvutano huu umo ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na familia yake, na ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni na kupashana habari. Zinakaa jirani hivyo. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, iliamua Desemba 2014 katika shauri la mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa katika shauri lile kulikiuka uhuru wa maoni. Haikusema kashfa ni halali. Ilisema kifungo kilipita kiasi.

Nchi iliyolichimba suala hili mpaka chini ni Brazili. Mwaka 2006 Paulo Cesar de Araújo, mpenzi wa muziki wa Roberto Carlos tangu utotoni, alichapisha kitabu cha maisha ya mwimbaji huyo baada ya kukifanyia kazi takriban miaka 15. Roberto Carlos, aliyepata jina miaka ya 1960 akiongoza vijana wa roki wa nchi ile, alikwenda mahakamani. Sheria ya madai ya wakati huo ilimpa nguvu ya kuzuia, na mwaka 2007 kwa makubaliano nakala zaidi ya elfu kumi ziliondolewa sokoni na kukabidhiwa kwake. Wanamuziki wakubwa, akiwemo Caetano Veloso na Gilberto Gil, walijikuta 2013 wakitetea ulazima wa idhini, na hilo liliwaumiza wengi, kwa sababu wawili hao waliwahi kufungwa na utawala wa kijeshi. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Shirikisho iliamua kwa kauli moja kwamba kitabu cha maisha ya mtu hakihitaji idhini kabla ya kuchapishwa, na anayeumizwa na uongo anaweza kudai haki yake baadaye.

Araújo alirudi mezani. Mwaka 2021 alitoa kitabu kingine kuhusu Roberto Carlos, na safari hii nacho hakuwa ameomba ruhusa.