Kijiwe cha figo kimetoka, kliniki usiiage bado

Kaskazi ikianza kuvuma na joto la Malindi kupanda, kliniki ya mkojo hupokea tena watu ambao faili zao tunazo. Walitolewa mawe, maumivu yakaisha, hawakurudi. Takribani nusu ya waliowahi kupata mawe ya figo huyapata tena ndani ya miaka 10. Kwa hiyo lile lalamiko la "daktari hakuyamaliza" mara nyingi halina msingi: la zamani lilitoka, hili ni jipya.

Maji mnajua. Ila tunachokiangalia sisi ni mkojo, si bilauri: utoke lita 2 hadi 2.5 kwa siku, wa manjano hafifu. Mvuvi au fundi mwashi anayeshinda juani hutoa maji mengi kwa jasho, basi lita 3 za kunywa huenda zisimtoshe. Mwezi wa Ramadhani, maji yagawanywe baina ya futari na daku, na mwenye historia ya mawe amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa wa moyo, au ambaye figo zimeshindwa kazi, asiongeze maji bila ushauri.

Na tafadhali, maziwa hayana kosa. Tumelisema hili mpaka tumechoka. Mawe mengi ni ya kalsiamu na oksaleti (kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mimea tunayokula), na kalsiamu ya chakulani huinasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Anayeacha maziwa na mtindi anajiongezea hatari. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine, ulizeni kwanza. Mchicha, korosho na njugu vina oksaleti nyingi. Vipunguzwe, na vinapoliwa viandamane na mtindi. Kinachostahili lawama zaidi ni chumvi, maana huisukuma kalsiamu iingie kwenye mkojo: papa mkavu, achari, vidonge vya supu. Kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula hivyo. Ndimu kwenye maji, bila sukari, inasaidia.

Kijiwe kikitoka chenyewe, kichujeni kwa kitambaa safi, kiwekeni kwenye kichupa kikavu, mkilete. Mawe ya asidi ya yuriki hayazuiliwi kwa njia moja na yale ya maambukizi, na kwa macho hatuwezi kuyatofautisha.

Ukiagizwa kukusanya mkojo wa saa 24, fuata hivi. Asubuhi unapoamka, mkojo wa kwanza mwaga chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu ulilopewa, la usiku pia, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake kwa saa ileile. Dumu likae mahali pa baridi. Ukikosa hata mara moja, sema, tutaanza upya. Sampuli pungufu tunaikataa, na kubishana na karani wa maabara hakuibadilishi.

Aliyewekewa mrija laini baina ya figo na kibofu aangalie tarehe ya kuutoa kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa. Kwa kawaida haupaswi kupita miezi 3. Ukiachwa, mawe hujijenga juu yake, na kazi ya dakika chache hugeuka upasuaji. Karatasi ikipotea, njoo bila hiyo. Ukipata homa na maumivu ya ubavu, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo.